Mkono wa mwanafunzi kwenye famasi na maabara: afanye nini, asiguse nini

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba. Matokeo hutoka Januari, na waliochaguliwa kwenda kidato cha tano huripoti shuleni Julai. Katika miezi hiyo ya katikati, familia nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe huwa na mazungumzo yaleyale: kijana anapenda sayansi, anaitaka PCB (mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia), tumtafutie mahali ajifunze kwa vitendo. Mama anamfahamu mwenye duka la dawa Mwanjelwa. Jirani ana mdogo wake kwenye maabara ya hospitali. Shule moja imetangaza kambi ya sayansi wakati wa likizo. Yote hayo huitwa mafunzo ya vitendo, wakati ndani yake mna mambo matatu yasiyofanana. Yakichanganywa, anayeumia huenda akawa mgonjwa ambaye hakujua kwamba aliyempa dawa ni mwanafunzi.

Kuna mazoezi ya vitendo ya shuleni, yale ya kujiandaa na karatasi ya vitendo ya NECTA, Baraza la Mitihani. Kuna kuionja taaluma: kijana anakaa karibu na wataalamu kwa wiki chache, anaona kazi na kujaribu sehemu zisizo na hatari. Halafu kuna mafunzo ya taaluma yenyewe, yanayomfikisha mtu kwenye usajili na leseni. Makala hii inahusu hasa hilo la katikati, ambalo halina mtaala mmoja wala mwongozo ambao kila mzazi anaujua. Lakini huwezi kulielewa bila kujua la tatu linaanzia wapi.

Mpaka uko wapi

Kazi ya famasi Tanzania inaongozwa na Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na msimamizi wake ni Baraza la Famasi. Baraza hilo ndilo linalowasajili wafamasia na wateknolojia dawa. Upande wa maabara kuna Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Vyuo vya kati vinavyofundisha fani hizi viko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na kijana wa kidato cha nne huingia kwa ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Baiolojia yakiwemo. Stashahada ni miaka mitatu. Anayekwenda shahada ya famasi husoma miaka minne, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini chini ya usimamizi kabla hajaachiwa dirisha la dawa peke yake.

Panapochanganya zaidi ni kwenye Duka la Dawa Muhimu. Maduka haya yana historia yake kusini: mpango ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, baada ya kuonekana kwamba maduka ya zamani ya dawa baridi yalikuwa yanauza dawa ambazo hayakuruhusiwa kuuza, tena kwa mikono ya watu ambao hawakufundishwa. Ukaenea nchi nzima. Msingi wake ni kwamba duka linaruhusiwa kuwa na orodha fulani ya dawa za cheti, yaani zinazotolewa kwa maandishi ya daktari, kwa sharti kwamba anayezitoa amepata mafunzo maalumu na anatambuliwa. Kwa hiyo kijana aliyekaa miezi minne dukani kwa shangazi yake, hata akijua bei zote na majina yote, hajawa mtoa dawa. Akiachwa peke yake kaunta shangazi anapokwenda benki, tumerudi kulekule ambako mpango wa Ruvuma ulikuja kututoa.

Mimi naona kipimo cha kutenganisha kazi za mwanafunzi na zisizo zake ni kimoja, na ni rahisi: je, kosa lake linaweza kumwagwa na kazi ikaanzwa upya? Titresheni, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea besi, ikiharibika, unaosha chupa na kuanza tena. Slaidi ikipakwa rangi vibaya, unachukua nyingine. Dozi iliyokwisha kumezwa hairudi. Sindano iliyokwisha kumchoma mtu haichomolewi ikawa haijachoma. Jibu la kipimo likishafika kwa daktari, matibabu yanaanza hapo. Umri wa kijana na wingi wa maksi zake haubadilishi chochote katika hilo.

Mtu anaweza kudhani kwamba ukiondoa vyote visivyorudi, kinachobaki ni kutazama tu na kufagia. Si kweli. Kinachobaki ndicho kiini chenyewe cha kazi hizi, na shule nyingi haziugusi utajiri huo ingawa vifaa vyake viko kabatini.

Kidonge kwenye bureti

Chukua aspirini ya miligramu 300. Aspirini ni asidi, na mwanafunzi wa kidato cha nne tayari anajua kuipima asidi kwa besi: bureti (bomba la kioo lenye vipimo, la kudondoshea), pipeti, matone mawili ya fenofthalini, na jicho kwenye rangi ya waridi isiyofutika. Saga vidonge, pima unga wenye uzito wa kidonge kimoja, uyeyushe kwenye ethanoli iliyopozwa, kisha dondosha hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M. Kama kidonge kina miligramu 300 kweli, rangi itageuka karibu na mililita 16.7. Hesabu yake ni ya darasani, kwa kuwa moli moja ya aspirini ina gramu 180.16. Viwango vya dawa vya Uingereza hukubali vidonge vyenye asilimia 95 hadi 105 ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Kwenye bureti ya mwanafunzi wetu hiyo ni kati ya mililita 15.8 na 17.5. Njia rasmi ina hatua zaidi, lakini nayo ni asidi na besi.

Mpaka hapo kijana ameshaona kwamba ile titresheni aliyoikariri kwa ajili ya mtihani ina kazi duniani. Sasa mpe vidonge vilivyokaa muda mrefu kwenye kopo lisilofunga vizuri, msimu wa mvua za Tukuyu. Unyevu huivunja aspirini ikawa asidi mbili, ya salisili na ile ya siki, ndiyo maana kopo la aspirini nzee hunuka siki. Kwenye bureti kidonge hicho hakitaonekana dhaifu. Kitakula besi nyingi kuliko kidonge kizima, kwa sababu palipokuwa na asidi moja sasa zipo mbili. Mwanafunzi anayeangalia namba peke yake ataandika kwamba dawa ina nguvu kupita kiwango, wakati imeoza. Anayeshtuka kwamba namba imepanda mno, akadondosha kloridi ya feri kidogo na kuona zambarau iliyokolea, amegundua ukweli: zambarau hiyo ni alama ya asidi ya salisili iliyoachwa huru.

Nalitilia uzito zoezi hili kwa sababu linafundisha kitu ambacho hakuna ziara ya hospitali itakayokifundisha: kwamba jibu zuri kwenye karatasi linaweza kuwa jibu la uongo, na kwamba mtaalamu ni yule anayeuliza kipimo kimoja kinaficha nini. Kazi hiyohiyo, kwa mashine kubwa zaidi, ndiyo inayofanywa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mbeya. Mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kwa kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa. Watoto wa nyanda za juu wanastahili kujua kwamba jambo hilo lilifanyika kwetu, na kwamba mlango wake unaanzia kwenye bureti waliyonayo.

Hesabu za dozi nazo ni za mwanafunzi kabisa, zikibaki kwenye daftari. Mtoto wa kilo 12, parasetamoli kwa kiwango cha miligramu 15 kwa kila kilo, na dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5: anahitaji miligramu 180, yaani mililita 7.5. Kisha mwambie kila mwanafunzi alete kijiko cha chai kutoka nyumbani, wapime kwa silinda kinabeba kiasi gani. Tofauti watakazoziona mezani ni somo tosha la kwa nini dawa ya mtoto huja na kijiko chake au bomba lake.

Ngumu zaidi ni saa. Dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge vinne kwa mara sita, jumla 24 ndani ya siku tatu. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza. Baada ya hapo huhesabiwa kila saa kumi na mbili kuanzia saa ya ishirini na nne. Kwenye bahasha huandikwa 4 x 2, mgonjwa anaelewa asubuhi na jioni, na dozi ya pili inapotea. Aliyekunywa ya kwanza saa mbili usiku anatakiwa aamke saa kumi alfajiri kunywa ya pili. Mwanafunzi apewe zoezi la kumweleza mwenzake ratiba hiyo kwa Kiswahili cha kawaida, kisha mwenzake airudie kwa maneno yake. Sekondari wanasoma kwa Kiingereza, na wengi hawajawahi kulazimika kusema somo la Baiolojia kwa lugha ambayo bibi wa Isongole au Kilolo angeielewa. Hapo ndipo utakapowaona wenye kipaji.

Kutengeneza kitu pia kunawezekana. Kitakasa mikono cha Shirika la Afya Duniani kwa lita moja kinahitaji mililita 833 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 41.7 za haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, mililita 14.5 za gliserini, na maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita itimie. Moto usiwepo chumbani, wala jiko la chumba cha jirani. Chupa zikishafungwa, hukaa saa 72 kabla hazijatumika, ili peroksidi imalize vijidudu vilivyobaki ndani ya chupa. Vijana huwa na haraka ya kupeleka kazi yao nyumbani siku ileile. Kuzifungia chupa kabatini kwa siku tatu, lebo ikiwa na tarehe, saa, na jina la aliyepima, ni sehemu ya mafunzo sawasawa na kupima kwenyewe.

Maabara bila damu

Kwenye maabara, kosa la kawaida la kambi za wanafunzi ni kupenda damu. Kupima kundi la damu kunavutia: tone moja, matone ya Anti-A, Anti-B na Anti-D, chembe zinagandana, kila mmoja anapiga kelele kwa furaha. Lakini hapa kwetu tusifanye mchezo na damu ya mtu mwingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mtumishi wa maabara akijichoma, anajua pa kwenda, na dawa za kuzuia maambukizi zianze haraka, kabla ya saa 72 kupita. Mwanafunzi wa kambi hana utaratibu huo, mara nyingi hajachanjwa homa ya ini aina ya B, na ataficha kwa kuogopa kufukuzwa. Damu ya kufundishia ibaki kwenye slaidi zilizokwisha kukaushwa na kupakwa rangi na wataalamu.

Badala yake, nyanda za juu zimejaa vitu vya kutazama. Mtindi wa Njombe au Iringa, ukipakwa kwenye slaidi, ukaushwe na kupitishwa juu ya moto, utapokea rangi ya Gram kama sampuli yoyote ya hospitali: rangi ya urujuani, ayodini, alkoholi ya kuosha, kisha safranini. Bakteria wa mtindi hubaki urujuani. Hawadhuru, wanapatikana dukani, na hatua zote nne ni zilezile atakazozikuta chuoni. Anayezidisha alkoholi ataona bakteria wake wamegeuka wekundu, atakuwa amepata jibu la uongo kwa mkono wake mwenyewe, na hatalisahau. Msimu wa mvua, tone la ulanzi, pombe ya mianzi, uliolala chini ya hadubini linaonyesha hamira hai zikichipuka; ukiongeza methilini ya buluu, zilizokufa hubadilika rangi na zilizo hai hubaki bila rangi. Hapo mwanafunzi anaweza kuhesabu, kupata uwiano, na kurudia siku ya pili.

Mwinuko wa mahali juu ya usawa wa bahari nao unaingia maabara. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi kama 94, si 100. Kila mpishi wa maharage analijua hilo kwa vitendo, hata kama hajawahi kutumia kipimajoto. Kwenye maabara maana yake ni kwamba kuchemsha vyombo ndani ya sufuria hakuwezi kuitwa kutakasa. Kunatakiwa mvuke wa shinikizo unaofika nyuzi 121 kwa dakika 15. Tena vitabu vilivyoandikiwa watu wa pwani husema shinikizo la pauni 15 kwa inchi ya mraba. Kwetu mshale wa kipimo unapaswa ufike karibu 18 ndipo nyuzi 121 zipatikane, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Mwalimu wa Fizikia anaweza kuchukua vipindi viwili kwa swali hilo peke yake, nami ningemsihi avichukue.

Kuna na somo lisilohitaji kifaa chochote. Njombe na Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini. Tuseme, kwa mfano wa ubaoni tu, kati ya watu 1,000 wanaopimwa kumi ndio wana malaria, na kipimo kinakosea kwa wawili katika kila mia wasio nayo. Wasio nayo ni 990, kwa hiyo karibu ishirini wataambiwa wanayo. Hata kama kipimo kinawakamata wagonjwa wote kumi, majibu ya "ndiyo" yatakuwa thelathini, na mawili katika kila matatu ni ya uongo. Peleka kipimo kilekile mahali ambapo wagonjwa ni 400 kati ya 1,000, na karibu kila "ndiyo" itakuwa ya kweli. Kipimo hakikubadilika, waliobadilika ni watu waliopimwa. Kijana akilielewa hili kabla ya kuingia chuo, atakuwa mtaalamu wa maabara wa aina nyingine kabisa.

Siri za watu

Yapo madhara yasiyohusu dawa wala sindano. Mafinga, Tukuyu, Makambako, ni miji ambayo watu wanafahamiana. Mwanafunzi akikaa karibu na rejista ya maabara kwa siku mbili, atakutana na jina la mwalimu wake, la mchungaji, la baba wa rafiki yake. Akiwekwa jirani na kliniki ya tiba na matunzo, ile ya wanaoishi na VVU, hahitaji hata kusoma, atamwona aliyeingia. Kuapishwa kutunza siri hakutoshi kwa mtoto wa miaka 17 ambaye hakuomba kuibeba siri hiyo. Utaratibu wa haki ni kupanga kazi ili asiione: sampuli za mazoezi ziwe na namba, rejista ya kweli isiwe mezani, na mahali pa kukaa pasiwe penye njia ya wagonjwa. Hospitali inayosema haiwezi kupanga hivyo imejibu vizuri na kwa ukweli. Ipokee ziara ya asubuhi moja ya kuona mashine, kisha vijana warudi kufanya vitendo shuleni.

Na wakaribishaji wapo. Mbeya ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ndaki ya tiba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Iringa ina chuo cha Mkwawa, ambako walimu wa sayansi wa nchi hii huandaliwa. Bohari ya Dawa ina ghala la kanda Mbeya, na huko mwanafunzi angejifunza jambo ambalo duka la mtaani halimwonyeshi: namna dawa inavyopangwa ili inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, namna namba ya toleo inavyofuatiliwa, na kwa nini friji ya chanjo husomwa kipimajoto asubuhi na jioni. Nyuzi 2 hadi 8, si chini ya hapo: chanjo ya homa ya ini B ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Baridi ya Makete ya Julai si friji, kwa kuwa usiku inashuka na mchana jua linaipandisha. Kuchora grafu ya wiki mbili za joto la chumba cha dawa ni kazi ya mwanafunzi kwa asilimia mia, na inaweza kumsaidia hata mwenye chumba.

Mzazi anayetaka kijana wake aingie kwenye mpango wowote wa namna hii aulize mambo machache bila kuona aibu. Nani aliyesajiliwa atakuwa chumbani muda wote, na usajili wake ni wa baraza gani? Mtoto wangu atagusa nini, na hatagusa nini? Akijikata au akimwagikiwa, mnampeleka wapi? Cheti mtakachompa kinasema nini? Hilo la mwisho lina uzito wake. Karatasi iliyoandikwa "amehitimu famasi" baada ya wiki tatu haimfungulii mlango wa chuo chochote, na inaweza kumfanya mwenye duka asiye mwangalifu amwachie kaunta. Iandike tu kwamba ameshiriki mazoezi, na iyataje: kupima, kutitresha, kupaka rangi ya Gram, kuandika leja.

Barua ya maombi iende kwa mganga mfawidhi au mkuu wa taasisi, si kwa ndugu anayefanya kazi pale, na iwe na saini ya mkuu wa shule na ya mzazi. Ipelekwe mapema Januari. Wanaosubiri kidato cha tano wana nafasi mpaka Juni. Wa kidato cha sita humaliza Mei na wengi wao huitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, muda si mrefu. Kila mwanafunzi aende na daftari lenye kurasa zilizotiwa namba, aandike kwa kalamu ya wino, na akikosea apige mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, kisha aandike pembeni tarehe na sababu.